Kuchafuka na Kuchafuliwa: Kauli za Kitenzi na Jiolojia ya Mazingira katika Mlima Ndara

1. Utangulizi

Mtu atokaye kisimani na ndoo ya maji machafu hupewa na Kiswahili njia mbili za kulieleza jambo hilo. Anaweza kusema kwamba maji yamechafuka, au kwamba yamechafuliwa. Kwa mwanafunzi wa sarufi, tofauti ya kauli hizi ni suala la viambishi. Kwa jirani mwenye choo karibu na kisima hicho, tofauti ni nzito zaidi: kauli ya kwanza haimtaji wala haimtafuti mtu, ya pili inamtafuta.

Makala hii inachunguza tofauti hiyo kwa kuitazama katika mlima mmoja, Ndara, ulio kusini mwa mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa kauli ya kitenzi katika kueleza matatizo ya maji na ardhi hutangulia uteuzi wa tiba. Anayekosea kauli hukosea tiba pia.

2. Kauli Mbili na Mipaka Yake

Kauli ya kutendeka huonyesha hali bila ya kumdai mtenda. Ndiyo maana sentensi "Maji yamechafuliwa na jirani" inakubalika, ilhali "Maji yamechafuka na jirani" haikubaliki kwa maana hiyohiyo. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda hata pale asipotajwa; msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?"

Inafaa kuzingatia kwamba vitenzi vingi tunavyovitumia kusimulia maafa ya ardhi huishia kwa -ka: kukauka, kumomonyoka, kumeguka, kuporomoka, kuharibika. Nomino nazo hufuata mkondo huo. Mmomonyoko hutokana na kumomonyoka, na maporomoko hutokana na kuporomoka. Kwa upande wa maji, hata hivyo, lugha imepata nomino mbili: uchafu, ambao ni hali, na uchafuzi, ambao ni kitendo. Kwa hiyo msamiati wa maji unaweza kumdokeza mtenda kwa neno moja, lakini msamiati uliozoeleka wa ardhi hauna wepesi huo. Pengo hili litarejelewa katika sehemu ya sita.

3. Mlima na Miamba Yake

Jina Ndara ni kongwe katika maandishi. Wamisionari Johannes Rebmann na Ludwig Krapf waliliandika katika miaka ya 1840 walipokuwa wakisafiri kutoka pwani kuelekea bara, na mwaka 1883 Joseph Alfred Wray alianzisha kituo cha misheni mlimani humo. Leo mlima huo hujulikana zaidi kwa jina la Sagalla, nao wenyeji wake husema Kisagalla, lugha ambayo wanaisimu huitofautisha na Kidawida cha vilima vya jirani.

Voi imo katika kimo cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha mlima hufikia takriban mita 1,500. Tofauti hii ya kimo ndiyo inayoutenganisha mlima na nyika. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi hulazimika kupanda, hupoa, na kuacha mvua na ukungu juu. Nyika iliyo chini hubaki kavu. Misimu ya mvua ni miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba.

Miamba yenyewe ni ya Ukanda wa Msumbiji, ukanda mrefu wa miamba metamofiki unaopita mashariki mwa Afrika. Aghalabu ni naisi, yaani miamba iliyopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwamba wa naisi ulio mzima haunyonyi maji. Maji hukaa katika sehemu mbili tu: katika tabaka la juu lililooza likawa udongo na kokoto, na katika nyufa za mwamba ulio chini yake. Ndiyo sababu visima viwili vilivyochimbwa kwa mtambo katika kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikapata ufa wenye maji na cha pili kikatoka vumbi.

4. Maji Yaliyobadilika Bila ya Mtenda

Nyikani, jua huvukiza maji mengi kuliko mvua inavyoleta. Maji yanayofanikiwa kupenya ardhini huenda polepole, hukaa muda mrefu katika mwamba, na humumunyusha madini kadiri yakaavyo. Matokeo yake ni maji ya chumvichumvi. Hapa kauli ya kutendeka ndiyo sahihi: maji yamebadilika, wala hakuna mtu aliyeyabadilisha. Kumsaka mkosaji ni kupoteza wakati. Kinachohitajika ni kupima kabla ya kuchimba, kutafuta maji mahali pengine, kuvuna maji ya mvua, au kuyasafisha kwa mitambo.

Mji wa Voi wenyewe ni ushahidi wa tiba ya namna hiyo, kwa kuwa umekuwa ukitegemea bomba litokalo chemchemi za Mzima, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Bomba hilo lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Mombasa. Maji ya Mzima hunyesha kwanza juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya volkano, yakapenya katika miamba yenye vitundu vingi, kisha yakachomoza makumi ya kilomita mbali. Hivyo, mkazi wa Voi aliye chini ya Ndara hunywa mvua ya mlima mwingine.

Madini ya floridi ni ya kundi hilohilo la mabadiliko yasiyo na mtenda, kwani hutokana na madini kama biotaiti na apataiti yaliyomo katika miamba ya aina hii. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Yakizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto huota madoa ya hudhurungi, na kiwango kikiwa cha juu sana, mifupa nayo huathirika.

5. Maji Yaliyochafuliwa, na Suala la Kunyweka

Vimelea vya kinyesi vinapopatikana kisimani, kauli hubadilika. Vimelea hivyo havikutoka katika naisi. Vimetoka katika choo cha shimo, zizi la mifugo au maji taka ya mji unaokua. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere unashauri choo kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Aidha, unatahadharisha kwamba umbali huo uongezwe penye miamba yenye nyufa. Tahadhari hiyo inaihusu Ndara moja kwa moja. Udongo huchuja, ufa hauchuji. Maji taka yakishauingia ufa, huweza kwenda mbali kwa muda mfupi yakiwa na vimelea vyake vyote.

Katika hali hii, kusema "maji yamechafuka" ni kuficha jambo linalorekebishika. Choo kinaweza kuhamishwa; kisima kinaweza kujengewa ukuta na kifuniko; mifugo inaweza kuwekewa birika lake mbali na mdomo wa kisima.

Kauli ya kutendeka ina maana ya pili, nayo ni ya uwezekano: maji yanayonyweka ni maji yanayoweza kunywewa. Maana hii ina hatari yake. Mnywaji huamua kwa ulimi na jicho kwamba maji yananyweka. Chumvi huonjeka, na tope huonekana. Floridi haionjeki wala haionekani katika viwango vinavyodhuru meno, na maji yenye vimelea yanaweza kuwa maangavu kama kioo. Zaidi ya hayo, kuchemsha huua vimelea lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Kwa sababu hiyo, maneno "yananyweka" na "ni salama" hayafai kutumiwa kama visawe katika tangazo lolote la afya.

6. Mlima Uporomokapo

Neno "maporomoko" lina mzigo mkubwa. Hutumika kwa maji yanayoanguka kutoka juu, kwa udongo unaoteleza, kwa tope linalotiririka na kwa mawe yanayobingirika. Hatari hizi hazilingani. Jabali humeguka ghafla kutoka ukingoni. Udongo mzito uliolowa huweza kuteleza taratibu kwa siku nyingi kabla ya kuachia. Tope lenye mawe hufuata njia ya kijito na hufika mbali na mlima. Mkazi anayeambiwa "jihadharini na maporomoko" hajui kama ahame kutoka chini ya jabali, kutoka mteremkoni au kutoka kando ya kijito.

Maji ndiyo yanayoiunganisha sehemu hii na zilizotangulia. Tabaka lilelile la udongo linalohifadhi maji ya chemchemi ndilo linaloteleza likishiba kupita kiasi. Maji yakijaa katika matundu yake husukuma chembe za udongo mbalimbali, na uzito ukiongezeka, mshiko hupungua. Mizizi ya miti hushikilia tabaka hilo. Mteremko unapokatwa ili kupitisha barabara au kupata kiwanja cha nyumba, tegemeo la chini huondolewa.

Udongo huo ni makazi pia. Mlimani humo huishi amfibia asiye na miguu, mwenye umbo la mnyoo, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2005 kwa jina la Boulengerula niedeni, na ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Maisha yake hutegemea udongo laini wenye unyevu. Wahifadhi wameshirikiana na wenyeji kupanda miti ya asili badala ya mikaratusi, kwa kuwa mikaratusi hunyonya maji mengi na kuukausha udongo. Mmomonyoko unaomnyima mnyama huyo makazi ndio unaomnyima mkulima shamba.

Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika Kaunti ya Pokot Magharibi na kuua zaidi ya watu 40. Tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka mlima Hanang nchini Tanzania liliingia katika mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Milima hiyo si Ndara, na Hanang ni wa volkano. Haidaiwi hapa kwamba yaliyotokea huko yatatokea Sagalla. Inadaiwa tu kwamba katika mteremko wowote kitenzi "iliporomoka" hujibu swali la nini bila ya kugusa swali la kwa nini. Mvua haina mshitakiwa. Ukataji wa mteremko na ufyekaji wa miti una watenda, nao ndio unaoweza kuzuiwa. Kiswahili kina kitenzi cha kuwataja: kuporomosha, na kando yake kumomonyoa. Vitenzi hivi vipo. Havitumiki vya kutosha.

7. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili katika Ibara ya 7 kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi, na Ibara ya 43 haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hata hivyo, ripoti nyingi za wataalamu wa miamba na maji huandikwa kwa Kiingereza, na huwafikia wananchi barazani kupitia kinywa cha mfasiri. Mfasiri huyo mara nyingi ni mhitimu wa Kiswahili.

Kabla ya kuteua kitenzi, mfasiri anapaswa kujiuliza maswali matatu. Je, hali hii imeletwa na mwamba na hewa pekee, au kuna mkono wa mtu? Je, neno lililoteuliwa linaitaja hatari moja, au linazichanganya kadhaa? Je, msikilizaji atajua la kufanya atakaporudi nyumbani? Akiambiwa kwamba kisima chake kina floridi itokayo mwambani, atatafuta maji mengine ya kumpa mtoto. Akiambiwa kwamba kimechafuliwa na choo kilicho juu yake, atakihamisha choo. Akiambiwa tu kwamba maji yamechafuka, atayachemsha, au atayaacha yatuame, kisha atayanywa.