Pipa la Fundi

Tongoni ni kijiji cha pwani, kusini mwa Tanga, kwenye njia iendayo Pangani. Hapo yako magofu ya msikiti wa kale na makaburi mengi ya mawe na chokaa. Pwani hiyo mtungi wa maji huwekwa penye kivuli na upepo, na maji yake huwa baridi kuliko ya sufuria. Sababu ni hii: udongo wa mtungi una vitundu vidogo sana, maji hupenya, hutokea nje kama jasho, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto.

Jambo hili laweza kumfaa hata mwenye mtambo mkubwa. Mfano wake ni fundi aliyenunua injini kuukuu ya nguvu za farasi 6, ili awasagie watu mahindi uani kwake. Fedha alikopa, akaweka rehani minazi yake. Injini ilikuwa nzima, walakini tangi lake la maji halikuwapo. Sehemu ndogo tu ya joto la mafuta hufanya kazi. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine huingia katika chuma. Hiyo isipoondolewa, pistoni hukwama ndani ya silinda, na injini hufa.

Fundi alitwaa pipa la galoni 44, yaani lita 200, akaliweka juu ya mawe. Akatia mabomba mawili: moja toka chini ya pipa hata chini ya silinda, la pili toka juu ya silinda hata karibu na ukingo wa pipa, likipanda daima, ili hewa isinaswe humo. Maungo akayafunga kwa nyuzi za mkonge zilizopakwa rangi. Pampu haikuhitajiwa. Maji yapatayo moto huwa mepesi, hupanda. Yaliyopoa huwa mazito, hushuka na kushika mahali pake. Hivyo huzunguka yenyewe. Maji ya bahari hakuyatumia, maana chumvi hula chuma, tena huacha ukoko uzuiao joto kutoka.

Siku ya nne, wanawake wakingoja na vikapu vyao, injini ilianza kugonga na kutoa mvuke. Fundi akashika ndoo ya maji ili aimwagie.

"Fundi, ngoja kwanza!" akasema mwanafunzi wake. "Silinda yachemka, na pipa ni vuguvugu tu. Maji hayazunguki."

Wakachungulia ndani ya pipa. Maji yalikuwa yamepungua kwa mvuke, yakawa chini ya kinywa cha bomba la juu. Njia ilikuwa imekatika. Fundi akaiweka ndoo chini, mikono ikimtetemeka. Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma chenye moto mkali, chuma hupasuka, na minazi yake ingalikwenda kwa mdai.

Akazima injini. Wakangoja hata ikapoa, ndipo akaongeza maji. Wanawake walirudi wakinung'unika, wakatwanga kwa vinu jioni ile. Lakini injini ilipona.

Tangu siku hiyo fundi alitia alama nyekundu ndani ya pipa, kiganja kimoja juu ya kinywa cha bomba, na mwanafunzi alijaza maji kila asubuhi kabla ya kazi. Tena walilivika pipa magunia yaliyoloweshwa, yakapigwa na upepo wa bahari. Lita moja ya maji igeukapo mvuke huchukua joto liwezalo kuchemsha zaidi ya lita 5 zilizo baridi kama barafu. Ndiyo kazi ile ile ya mtungi.

Minazi ilikombolewa. Na fundi hakuona haya kusema kwamba aliyeiokoa ni kijana aliyegusa pipa kabla ya kutenda neno.

Maswali
1. Kwa nini maji ya mtungi huwa baridi?
2. Maji ya pipa huzungukaje pasipo pampu?
3. Fundi angalimwaga ile ndoo, ingalikuwaje?