Friji Haipimwi kwa Mkono

Mkulima aweza kukama kwa usafi na kuyafikisha maziwa Nairobi yakiwa mazuri, kisha yakaharibika katika friji ya mnunuzi. Somo hili ni la kina mama na wenye vibanda wa Silanga, huko Kibera, na wa Kawangware, ambako nyumba nyingi ni za mabati na joto la mchana ni kali.

1. Kazi ya friji. Baridi haiui vijidudu. Huvichelewesha tu kuzaana. Huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi. Basi friji iwe na nyuzi 4 au chini kidogo bila kugandisha, na friza iwe na nyuzi 18 chini ya sifuri.

2. Kupima. Nambari zilizo kwenye kitufe si nyuzi. Katika friji nyingi, nambari kubwa ndiyo baridi kali. Tia kipimajoto katika gilasi ya maji, uiweke rafu ya katikati usiku kucha. Asubuhi ukisoma zaidi ya nyuzi 4, sogeza kitufe hatua moja, ngoja siku nzima, upime tena.

3. Kuisaidia friji. Iache nafasi kati yake na ukuta wa mabati. Usiishindilie vitu. Maziwa yasikae mlangoni, maana hapo joto huingia kila ufunguapo. Nyama mbichi ifunikwe na kuwekwa rafu ya chini.

4. Stima ikipotea. Andika saa ilipopotea, wala usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa muda wa saa 4 hivi; friza iliyojaa, saa 48; iliyojaa nusu, saa 24. Maziwa, nyama, samaki au chakula kilichopikwa kikikaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, kitupwe. Usionje, wala usitegemee pua. Kuchemsha tena huua vijidudu, lakini sumu nyingine walizoacha hazitoki.

Kumwaga maziwa kwauma. Lakini mtoto akiharisha, hasara huwa kubwa kuliko bei ya maziwa yale.

Maswali ya kujipima: Friji yako ina nyuzi ngapi leo? Ulijuaje? Stima ikipotea usiku huu, utafanya nini kwanza?