SOMO LETU: AMRI ZA MUNGU NI UKINGO WA NDIVA

Masomo: Kutoka 20:1–17, Kumbukumbu la Torati 19:14, 1 Wafalme 21:1–19, Luka 12:13–15



Mara nyingi tukisikia neno “amri” mioyo yetu hushtuka. Vijana wetu huuliza, “Je, dini ni makatazo tu?” Swali hilo si baya, na haifai kulijibu kwa ukali. Na tulitafakari pamoja.

1. Ukingo na maji

Sisi watu wa milima ya Upare tunazijua ndiva. Wazee wetu walizichimba, wakajenga ukingo wa udongo na mawe ili maji ya kijito yakusanyike usiku, na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ukingo ukipata ufa, watu huitwa kwenye msaragambo wauzibe. Hakuna anayesema kwamba ukingo unayaonea maji. Bila ukingo maji yale yale hupita bure, tena huondoka na udongo wa shamba.

Ndivyo zilivyo amri za Mungu. Nguvu, tamaa, ulimi, mali na ujana wetu ni kama maji: ni zawadi njema, lakini zisipozuiliwa huharibu.

2. Wokovu hutangulia

Tuangalie jinsi Amri Kumi zinavyoanza. Kabla ya kuagiza lolote, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba yeye ndiye aliyewatoa katika utumwa wa Misri. Hakuwaambia washike amri kwanza ndipo awaokoe. Aliwaokoa kwanza, kisha akawafundisha namna ya kukaa kama watu huru, wasirudi utumwani kwa mlango mwingine. Kwa hiyo amri si ngazi ya kupandia mbinguni. Ni mipaka ya nyumba ambayo Baba ametuingiza kwa neema.

3. Kila amri humlinda mtu

Amri ya tano huwalinda wazazi wetu, hasa wakiwa wazee wasio na nguvu. Ya sita hulinda uhai, ya saba ndoa, ya nane mali, na ya tisa jina jema la jirani. Hata Sabato iliwekwa ili mtumishi, mgeni na mnyama wa kazi wapate kupumzika pamoja na mwenye nyumba (Kumb. 5:14). Ya kumi yaingia ndani zaidi, kwa maana hulinda moyo, mahali ambapo hakimu wa duniani hafiki.

Habari za Nabothi zinatuonyesha jambo hili. Mfalme Ahabu alianza kwa kutamani tu shamba la mizabibu la jirani yake. Kutokana na tamaa ile wakaja mashahidi wa uongo, kisha mtu asiye na hatia akauawa, na mwisho shamba likachukuliwa. Ufa ulikuwa mmoja, lakini amri nne zilivunjika.

4. Masale yetu

Sasa tujitazame wenyewe. Mashamba yetu ni madogo na yako kwenye miteremko, na watoto ni wengi kuliko vihamba. Masale yaliyopandwa mpakani yaweza kusogezwa hatua moja kila msimu, na jirani asitambue. Mara nyingi anayesogezewa ni mjane, au yatima, au ndugu aliyeko mjini. Tena anayesogeza huenda Jumapili hupiga magoti mezani pa Bwana pamoja na huyo mjane.

Neno la Mungu linakataza wazi kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na Mithali 23:10–11 inaonya kwamba yatima wanaye Mtetezi mwenye nguvu. Sheria ya nchi nayo husaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hubatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Lakini baraza huona masale tu. Mungu huona mkono ulioyang’oa usiku. Mtu mmoja alipomwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, Bwana alikataa kuwa mgawanyaji wao, akaonya watu juu ya choyo. Alijua ugomvi ulianzia wapi.

5. Tahadhari moja

Tusiongeze kuta ambazo Mungu hakuziweka. Mafarisayo walifanya hivyo, na Bwana aliwakemea kwa kuwa mapokeo yao yalimnyima mzazi haki yake (Mk. 7:9–13). Sisi pia twaweza kumfungia nje binti aliyeanguka, huku tukimkalisha mbele mzee aliyekula shamba la mpwa wake. Ndiva isiyofunguliwa asubuhi haifai kitu. Ukingo upo ili maji yafike shambani, na amri zipo ili upendo ufike kwa jirani. Na aliyebomoa ukingo asikate tamaa: toba ipo, na msamaha wa Kristo upo. Ila toba ya aliyesogeza masale haitimii mpaka ayarudishe mahali pake.

Katika Kitabu cha Sala, Amri zinaposomwa kwenye Ushirika Mtakatifu, sisi hujibu kwa kuomba rehema na kuomba mioyo yetu ielekezwe kuzishika. Jumapili ijayo tusijibu kwa mazoea.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

(a) Ni amri gani tunayoiona nzito, na inamlinda nani?
(b) Je, kuna mpaka wa shamba, wa ndoa au wa ulimi ambao tumeusogeza?
(c) Ni nani tuliyemfungia nje bila agizo la Mungu?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetutoa utumwani, tutie nguvu tukae ndani ya mipaka yako kwa furaha, na tulichomnyang’anya jirani utupe moyo wa kukirudisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.