Spana ya Babu, Daftari la Mjukuu



Masomo mengi ya ukurasa huu huwa ni ya shamba, mifugo na afya. Leo tunakwenda chini ya mwembe, pale fundi wa magari anapofanyia kazi.

Huenda kijijini kwako pana nyumba ya namna hiyo. Uani kuna gari limewekwa juu ya magogo, tairi halina. Babu alikuwa utingo wa lori, baadaye akawa dereva. Baba ni fundi. Na mtoto wa miaka kumi anajua tofauti ya spana namba 13 na namba 14 kabla hajajua vizuri jedwali la kuzidisha. Jioni utawakuta watatu hao wameinamia injini moja, wanabishana. Ugali unapoa, mama anaita, hakuna anayeitika.

Watu wengine huwacheka. Eti wanapoteza muda na bati bovu. Sisi hatuoni hivyo. Pale pana shule. Haina ubao wala kengele, lakini ina mwalimu, ina mwanafunzi na ina mtihani: injini ikiwaka umefaulu, isipowaka rudia. Hebu tuitazame shule hiyo. Inafundisha nini? Na inakosea wapi?

MTOTO WA GEREJI YA KERICHO

Mwaka 1932, katika mji wa Kericho nchini Kenya, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joginder Singh. Baba yake alikuwa Singasinga aliyehamia kutoka Punjab, na alikuwa na gereji mjini hapo. Kericho ni nchi ya vilima, chai na mvua nyingi. Barabara za udongo za wakati ule zikilowa, gari lilikwama hadi tumboni. Mahali kama hapo fundi hakosi kazi. Joginder alijifunza kushika spana katika gereji hiyo ya baba yake.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana kama Safari. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mawe. Mwaka 1965 Joginder aliingia na gari aina ya Volvo PV544. Halikuwa jipya, lilikuwa limekwisha kutumika. Aliyeketi kando yake alikuwa ndugu yake, Jaswant. Watoto hao wawili wa nyumba moja wakashinda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo mbili kwa gari la Mitsubishi. Alifariki mwaka 2013.

Kwa nini tunasimulia habari hii? Kwa sababu mashindano yale hayakuwa ya kukimbia tu. Magari mengi yalianza, machache yalifika. Dereva asiyejua injini alikanyaga mafuta mpaka kitu kikavunjika. Dereva aliyekua kati ya vyuma alisikia chuma kikilalamika mapema, akapunguza mwendo, akafika.

SIKIO LA MZEE

Sikio hilo ndilo urithi wenyewe. Gari lenyewe litaoza. Spana zitaibiwa au zitauzwa siku ya shida. Lakini mzee anayesimama mbali, akasikia injini inaunguruma, akasema, "Silinda moja hiyo haifanyi kazi," huyo ana mali ambayo haiwezi kugawanywa na baraza la ukoo. Akifa bila kufundisha mtu, imezikwa.

Kumfundisha mtoto sikio kunataka kwanza umweleze injini inafanya nini ndani kule kusikoonekana. Tutaeleza hapa kwa ufupi, nawe unaweza kumsomea mwanao.

Ndani ya injini kuna silinda. Ifikirie kuwa ni kinu. Ndani ya kinu kuna mchi, ndio pistoni. Injini ya petroli hufanya kazi kwa mapigo manne. Pigo la kwanza, mchi unashuka na kuvuta hewa pamoja na petroli. Pigo la pili, mchi unapanda na kuubana mchanganyiko huo. Pigo la tatu, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, mchi unasukumwa chini kwa nguvu. Pigo la nne, mchi unapanda tena na kutoa moshi nje. Mtoto akariri maneno manne tu: vuta, bana, waka, toa. Katika mapigo hayo manne, ni lile la tatu peke yake linalotoa nguvu. Mengine matatu ni maandalizi na usafi. Injini ya namna hii ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, na magari ya petroli ya leo bado yanaufuata mpango huo.

Je, injini ya dizeli? Hiyo haina plagi ya cheche. Sasa moto unatoka wapi? Chukua bomba la baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu mara nyingi. Shika bomba karibu na lile tundu. Lina moto! Hewa ikibanwa hupata joto. Katika injini ya dizeli hewa hubanwa sana, hata mafuta yakinyunyizwa ndani yanawaka yenyewe. Aliyefanikisha jambo hilo, mwaka 1897, ni Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel. Sisi jina lake tumelifanya jina la mafuta.

Baada ya sikio kuna jicho. Mfundishe mtoto kutazama moshi. Ukiwa mweusi, mafuta ni mengi na hewa ni kidogo. Aanze kutazama kichujio cha hewa, maana katika barabara zetu za vumbi ndicho huziba kwanza. Ukiwa na rangi ya bluu, oili inaungua ndani, pengine ringi za pistoni zimechoka. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikishapata moto, huenda maji yanaingia kwenye silinda, gasketi imekatika. Mzee hujua haya yote, lakini mara nyingi hasemi. Hufungua tu injini, na mtoto hubaki hajui kwa nini imefunguliwa. Ndugu fundi, sema kwa sauti unachokifikiri. Mtoto haoni ndani ya kichwa chako.

NATI ILIYOBAKI

Sasa tuseme pale ambapo shule hii inakosea. Hapa tutakaa kidogo.

Mafundi wengi walijifunza kwa makofi. Umeleta spana siyo yenyewe, kofi. Umemwaga oili, kofi. Nao wanafundisha hivyo hivyo, wakisema, "Mimi nilipigwa na nikawa fundi." Tufikirie mfano. Kijana amefunga breki za gurudumu la nyuma. Amemaliza, anatazama chini, nati moja imebaki. Anajua akisema atapigwa mbele ya wateja. Anaitia mfukoni. Jioni gari linaondoka na watu kumi na wanne wanaokwenda msibani, na mbele yao kuna mteremko.

Katika gereji ya woga nati hujificha. Katika gereji nyingine kijana husema, "Baba, nati imebaki," na baba hujibu, "Afadhali umesema, tufungue tena." Kazi inarudiwa, jioni inaharibika, mteja ananuna. Lakini gari linafika. Mzee anayetaka wajukuu wapende kazi yake, na wateja wake wawe hai, hana budi kuchagua gereji ipi anaitaka.

Kuna jambo jingine la hatari: jeki. Jeki ni ya kuinulia gari, siyo ya kulishikilia. Gari likishainuliwa, weka magogo imara chini ya chesesi na mawe kwenye magurudumu yaliyo chini, ndipo mtu aingie. Matofali ya udongo hayafai, yanapasuka ghafla. Mtoto asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota bisibisi. Tena injini isiachwe inaunguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Katika moshi ule mna hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu kama anayesinzia.

WENZETU WA KUBA

Kisiwa cha Kuba kinajulikana dunia nzima kwa magari ya zamani. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1959 magari mengi ya huko yalitoka Marekani: Chevrolet, Ford, Buick. Mwaka 1960 Marekani ilianza kuzuia bidhaa zake kwenda Kuba, na mwaka 1962 ikafunga biashara karibu yote. Magari mapya ya Marekani hayakuja tena. Spea nazo hazikuja.

Walifanyaje? Waliyatunza yale yaliyokuwepo. Injini ya petroli ilipokufa walifunga ya dizeli. Walichukua vipuri vya magari ya Kirusi wakavilazimisha vikae. Kisichopatikana walikichonga wenyewe. Gari la babu likawa la baba, kisha la mjukuu, na pamoja na gari ukaja ujuzi wa kulitengeneza, maana gari hilo bila ujuzi ni banda la kuku. Magari hayo huko huitwa "almendrón", yaani lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake la mviringo. Mengi yamekuwa yakibeba abiria kama teksi.

Lakini tusidanganyane. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi tu, dhiki iliwasukuma. Sisi nasi tunaijua dhiki hiyo. Waulizeni wazee waliokuwa na magari mwanzoni mwa miaka ya 1980 jinsi spea zilivyotafutwa. Hata hivyo dhiki peke yake haimfanyi mtu apige rangi mlango wa gari kwa siku nne mpaka ung'ae. Hayo ni mapenzi.

Hapa kwetu gari linalorithiwa mara nyingi ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mjini Amsterdam. Wakati huo, baada ya vita, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, basi bodi lake likatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu bodi haliliwi na kutu kama magari mengine. Lakini chesesi ni ya chuma, nayo huliwa. Ukitaka kununua Land Rover ya zamani usitazame rangi. Ingia chini, ugonge chesesi kwa nyundo ndogo. Oktoba 2024 magari ya Land Rover kwa mamia yalikusanyika Arusha, mapya na makuukuu.

NA BINTI JE?

Tumesema babu, baba na mjukuu kana kwamba wote ni wanaume. Sivyo. Aliyetangulia kuendesha gari safari ya mbali ni mwanamke. Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari lililoundwa na mumewe, Karl, akaondoka na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumwambia mume. Walitoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mrija wa mafuta ulipoziba, mama aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki za mbao zilipolika, alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta walinunua katika duka la dawa, kwa kuwa vituo vya petroli havikuwepo.

Basi binti akija na kusimama kando ya injini, usimtume maji. Mpe spana.

DAFTARI

Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndani. Kasoro ikitokea, kompyuta huandika namba. Fundi huchomeka kifaa chake, husoma namba, hutafuta maana yake. Hapo babu husema, "Haya siyo magari," naye mjukuu humwona babu amepitwa. Wote wawili wanakosea. Namba inasema tatizo liko upande gani, haisemi siku zote ni kitu gani kimeharibika. Namba inaweza kutaja kifaa cha kupima joto, kumbe ni waya wake umeliwa na panya. Mjukuu asiyemsikiliza babu atanunua kifaa kipya, na gari halitapona. Babu asiyeweza kuisoma namba hatajua pa kuanzia.

Ndipo tunapowaambia wasomaji wetu: nunueni daftari moja, la gari. Chora mistari upate safu nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, gharama. Wewe uliyehitimu kisomo usimwachie mtoto kuandika. Andika mwenyewe, hata kama mwandiko unapinda na kidole kina oili. Kurasa za nyuma andika yale usiyotaka yapotee: sauti gani ilikuwa kasoro gani, nati ipi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kulia. Mwanao atayasoma siku ambayo hupo.

Daftari hilo lina faida nyingine. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani au kwa wazazi wao, na anayefaulu hupewa cheti ingawa hakukaa chuoni. Anayejua kueleza kazi alizozifanya, kwa mdomo na kwa maandishi, huenda kwenye upimaji huo bila kubabaika.

MAZOEZI

Fanyeni katika kikundi, kisha mjadiliane. Daftari la gari la mzee mmoja linaonyesha kwamba oili ilibadilishwa gari likiwa limetembea kilomita 39,800. Leo linasoma 42,350. Mzee hubadilisha oili kila baada ya kilomita 3,000. Zimebaki kilomita ngapi? Gari hilo likienda mnadani na kurudi kila Jumamosi, kilomita 75 kwa safari moja, oili ibadilishwe baada ya Jumamosi ngapi? Na nyumbani kwako, ni nani anayejua kazi ambayo bado hajamfundisha mtu?