SOMO KWA WAKAZI: Sarafu za Zamani Mtandaoni, Fahamu Kabla ya Kutuma Pesa

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay kuna mkebe wa sarafu za zamani: ndururu na peni zenye tundu katikati, sumuni, shilingi yenye simba. Siku hizi mitandao ya kijamii imejaa matangazo ya watu wanaodai kuzinunua kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na wengine wanaoziuza kwa bei hiyo hiyo. Inayotajwa sana ni sarafu ya shilingi 40 yenye picha ya Rais Mwai Kibaki, iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kabla hujanunua au kuuza, soma haya.

Uzee peke yake hauleti bei

Bei ya sarafu hutegemea mambo matatu: ni ngapi zilizobaki, ziko katika hali gani, na ni watu wangapi wanaozitaka. Chukua mfano wa peni ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza. Mfalme huyo alikaa kwenye kiti kwa chini ya mwaka mmoja, hivyo mtu angedhani peni yake ni adimu. Lakini Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitoa mamilioni ya peni hizo, na hadi leo wakusanyaji huzinunua kwa dola chache tu.

Shilingi yenye simba nayo ina siri yake. Zile za kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu. Uzito wote ni karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha yenyewe haifiki gramu mbili. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa. Anayekuuzia ya mwaka 1950 kama "fedha tupu" anakudanganya.

Ukitaka kununua

Malalamiko ya wanunuzi hufanana: picha ilikuwa ya sarafu nyingine, iliyofika imesuguliwa, au haikufika kabisa na simu ya muuzaji imezimwa. Fanya hivi:

1. Omba picha mpya ya pande zote mbili, sarafu ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye picha za kuazima atashindwa.
2. Linganisha bei ambazo sarafu kama hiyo imeshauzwa, wala si bei inayoombwa. Kuomba milioni hakumzuii mtu.
3. Ipime. Wanunuzi wa dhahabu hapa kwetu Migori wana mizani ya kupima sehemu za gramu. Sumaku pia husaidia: shilingi ya fedha haivutwi na sumaku. Hata hivyo, kutovutwa peke yake si uthibitisho.
4. Kutaneni mahali pa wazi, lipa baada ya kuona. Ikitoka ng'ambo, kumbuka gharama ya usafirishaji na ushuru wa forodha.

Ukitaka kuuza

Hapa ndipo familia huumia zaidi. Tuseme mama mmoja wa Oyugis ana sarafu mbili za shilingi 40. "Mnunuzi" anamwahidi shilingi 300,000, kisha anamwomba 1,500 za usajili. Akituma, anaombwa 4,000 za cheti, halafu 7,500 za gari la kuleta pesa. Kila mara anaambiwa imebaki hatua moja tu. Mwishowe karo ya mtoto imeisha, na sarafu zake bado ziko kwenye mkebe. Kanuni ni moja: mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Anayekutaka ulipe ili ulipwe, achana naye.

Pia, usisugue sarafu kwa majivu, mchanga au ndimu. Kung'aa huko huondoa sura yake ya asili na kushusha bei.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sarafu za Mombasa za mwaka 1888 zimo humo. Kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiokota kitu cha namna hiyo shambani au mgodini, uliza Makavazi ya Kitaifa kwanza. Nao ulaghai wa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Ukilaghaiwa

Usifute ujumbe wowote. Hifadhi nambari, picha na jumbe za malipo. Ijulishe kampuni yako ya simu mara moja, maana pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Kisha andikisha ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na upewe nambari ya OB. Unaweza pia kupigia DCI bila malipo, 0800 722 203.

Usinyamaze kwa aibu. Jirani yako huenda anaongea na mlaghai huyo huyo leo. Msomee somo hili kwenye chama, kanisani au barazani kabla hajatuma pesa.