Jua Haki Zako: Usinunue Jina Ambalo Tayari ni Lako

Msomaji wa Bunda mwenye nyumba ya kulala wageni ameandika kwa uchungu. Fundi aliyemtengenezea tovuti anadai shilingi milioni mbili ili "amuuzie" anwani ya tovuti hiyo, yaani jina la kikoa, ambalo ni jina la biashara yake mwenyewe. Anauliza atoe ofa ya kiasi gani.

Kabla ya ofa, swali ni moja: kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, na kwa fedha za nani? Hapo ndipo wenye maduka na nyumba za wageni wa Musoma, Bunda na Butiama wanaponaswa. Unamlipa fundi, naye anasajili kwa jina lake na barua pepe yake. Siku mkikosana, anajitangaza mwenye mali. Huo ni utapeli. Kama ulimlipa akusajilie, alikuwa wakala wako, na Sheria ya Mikataba inakupa haki ya kudai faida aliyojipatia kupitia kazi uliyomtuma. Tunza risiti na ujumbe wa malipo ya simu, kisha mpelekee barua ya madai.

Kikoa kikiwa kweli ni cha mtu mwingine, ofa inaruhusiwa, ila angalia unachoandika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe. Ukiandika WhatsApp "nakupa laki tano", naye akajibu "nimekubali", umeshafungwa. Unaweza kuiondoa ofa kabla hajatuma jibu hilo, si baadaye. Kwa hiyo itaje siku ya mwisho, na sharti kwamba fedha zitatoka baada ya kumbukumbu za msajili kuonyesha jina lako. Dalali anayekutumia picha ya skrini na kudai "kianzio" mwache aende zake.

Je, aliyekishika anakuonea makusudi? Usifute ujumbe wake. Kwa vikoa vya .com, kanuni za mwaka 1999 za ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, zinasema kusajili jina kwa nia ya kumuuzia mwenye alama ya biashara kwa bei inayozidi gharama ni dalili ya nia mbaya. Ila ni alama ya biashara inayolindwa. Cheti cha jina la biashara cha BRELA hakitoshi. Alama husajiliwa peke yake, chini ya sheria ya mwaka 1986.

Na hapa sheria inatuangusha. Shauri la aina hiyo mbele ya WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, linaanzia dola 1,500. Mwenye vyumba vinne pale Bunda atazitoa wapi? Kenya iliandika kosa la kujitwalia jina la mwingine mtandaoni kwenye sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018: faini hadi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeorodhesha makosa mengi, lakini hili haikulitaja. Wabunge wa Mara, wananchi wenu wanatozwa kwa majina yao wenyewe.

Kwako msomaji wa Bunda: kama ulimlipa akusajilie, usilipe hata senti. Dai kikoa chako kwa maandishi, na kwa kazi ijayo fungua akaunti ya msajili kwa jina lako mwenyewe kabla fundi hajagusa chochote.