Turbo kwenye 1HZ: nunua kipimo cha joto kabla ya nguvu

Hapa njia panda ya Kidahwe, magari yakichepuka mengine kwenda Kasulu na mengine Uvinza, kila nikifungua boneti ya Land Cruiser mkonga hakosi kijana wa kuuliza: "Fundi, hii haifungwi gesi?" Anamaanisha naitrasi, ile chupa iliyopata umaarufu kwa filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Jibu langu huwa refu, kwa hiyo nimeamua kuliandika.

Injini yoyote inapata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayaungui bila oksijeni. Naitrasi ikifika kwenye joto la nyuzi 300 hivi huvunjika na kuachia oksijeni, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake. Kwenye hewa ya kawaida ni asilimia 23. Wajerumani waliitumia kwenye ndege zao katika Vita Kuu ya Pili ili injini zisiishiwe pumzi zikiwa juu sana. Turbo nayo inaleta oksijeni, ila inaileta kwa kushindilia hewa, na haihitaji kujazwa upya.

Sasa piga hesabu. Chupa ya kilo 4 na nusu, ukiitumia kuongeza farasi 100, haimalizi dakika 3. Gari lililobeba madumu ya mawese kupanda Kasulu linahitaji nguvu kwa muda mrefu kuliko huo. Ndiyo maana kwa 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser hizi, nafunga turbo, na gesi naiacha.

Ijue injini yako

1HZ ilianza kuuzwa mwaka 1990. Ina silinda 6, cc 4,164, na farasi kama 130. Mkoa wetu umejaa magari yake kwa sababu mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi yameyatumia miaka mingi, na yakichoka huuzwa kwa mnada. Inasifiwa kwa uvumilivu, na sifa hiyo ni ya haki, lakini haikuundwa kwa ajili ya turbo. Ndugu yake aliyezaliwa na turbo ni 1HD-T: cc zilezile, farasi 160 hivi, ila mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1 na dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Kwenye 1HZ mgandamizo unazidi 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwaka ndani ya kijichumba kilichomo kwenye silinda hedi. Joto linalundikana hapo, ndiyo maana hedi zake hukraki katikati ya valvu.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa 1HZ yenye turbo ni joto. Hatua zote zinazofuata ni za kulidhibiti.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Pima kompresheni silinda zote 6. Namba kubwa isikupumbaze. Angalia kama zinalingana. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka, na turbo itazimaliza. Kama gari limewahi kuchemsha, vua hedi ukaipime nyufa. Ukiona ufa, tafuta hedi nyingine; ya kuchomelea haivumilii turbo.

Wakati wa kurudisha hedi, usichukue gasketi yoyote iliyopo dukani. Gasketi za 1HZ zina unene tofauti. Weka saa ya kupimia juu ya bloku, zungusha kranki taratibu, usome kila pistoni inachomoza kiasi gani, kisha ndipo uchague unene. Rekebisha na nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza hewa, 0.40 za ekzosi. Kama mkanda wa taimingi umekaribia kilomita 100,000, badilisha hapohapo.

Hatua ya 2: Kipimo cha joto la ekzosi

Hiki kinunuliwe kabla ya turbo. Toboa manifoldi, weka sensa kabla ya turbo, si baada. Moshi ukishapita kwenye turbo unakuwa umepoa kwa nyuzi 100 au zaidi, kwa hiyo sensa iliyowekwa nyuma itakudanganya. Nikiwa kazini mshale nautaka chini ya nyuzi 650. 700 ni ya kugusa kidogo mlimani na kurudi. Alumini safi huyeyuka kwenye 660. Pistoni haifiki joto hilo kwa sababu oili inaipoza, lakini ukilala na 750 kilomita nzima, injini itanoki.

Hatua ya 3: Turbo na mabomba yake

Busti, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa na turbo, ya psi 7 hadi 8 inatosha. Bomba la kupeleka oili ni jembamba, halina shida. Linaloua turbo nyingi ni la kurudisha: liwe pana, lishuke bila kona, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likiziba au likipanda kidogo, oili hurudi nyuma, huvuja kwenye sili, na gari hutoa moshi wa bluu.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili injini isiwake, kisha piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Rudisha waya, washa, acha iungurume bila kukanyaga.

Ekzosi iwe ya inchi 3 kutoka kwenye turbo. Na mkonga, lile bomba la kuvuta hewa, ukaguliwe kila kiungo: vumbi la barabara zetu likipenya kwenye mpira uliopasuka, mapanga ya turbo huliwa kama yamepigwa msasa.

Hatua ya 4: Dizeli

Pampu ipelekwe kwa fundi pampu pamoja na noseli zote. Baada ya hapo skrubu ya mafuta huongezwa kidogo sana, gari linapakiwa mzigo, linapandishwa mlima, na wewe unautazama mshale. Ukitoka moshi mweusi, unachoma pesa na kuongeza joto. Punguza. Mshale ukivuka 700, punguza hata kama dereva analalamika.

Hatua ya 5: Vinavyosahaulika

Rejeta isafishwe ndani na nje, feni ishike vizuri, klachi iwe nzima. Oili na filta kila kilomita 5,000. Ukitoka mlimani usizime papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili, oili iipoze turbo.

Na anayetaka gesi kwelikweli?

Mdogo wangu, aanze na injini ya petroli iliyozaliwa na turbo, kama 1JZ-GTE ya Mark II. Abadilishe pistoni aweke za kufuliwa, na mwanya wa ringi uwe mpana kuliko wa kawaida, kwa sababu ringi ikitanuka hadi ncha zikakutana huvunja pistoni. Kila gesi inapoingia, petroli iongezwe na moto wa plagi ucheleweshwe, la sivyo itagonga. Chupa isikae juani: ikipita nyuzi 36 hakuna tena kimiminika ndani yake, na presha hupanda haraka. Kisha atafute uwanja wa mashindano. Barabara ya Uvinza ina watoto wa shule na baiskeli.

Kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kipimo cha joto ukifunge kwenye 1HZ yako isiyo na turbo. Pakia mzigo wako wa kawaida, panda mlima wako wa kawaida. Mshale ukipita 700 kabla hata ya turbo, noseli, pampu au njia ya hewa ina ugonjwa. Huo utibiwe kwanza.